Likizo ya Wankyo: Karatasi Mbili za Bima

SEHEMU YA TISA

Jumapili iliyopita tulimwacha Boke mkono ukiwa ndani ya bati la biskuti, anatafuta hati ya bima, na boti ya doria imejibana ubavuni mwa boti yao, mlima wa Muhuru unaonekana mbele na maji ya Kenya hayako mbali. Kama gazeti lile lilikupita, usihangaike. Bibi Wankyo wa Butiama, mjane mwenye ng'ombe na maneno, alinunua boti ya mzungu mmoja wa mgodi wa Kiabakari aliyefungasha virago mgodi ulipofungwa. Sasa anaipeleka Karungu, ng'ambo ya mpaka, kwa mdogo wake Eufrasia. Anaipeleka likizo.

Ndiyo, likizo. "Wale wazungu walikuwaga wanaenda likizo kila Krismasi," aliwaambia majirani. "Mimi nimekatazwa na nani?"

Dereva ni Boke, binti wa mvuvi wa Kibara. Na Boke, kama msomaji wa tangu mwanzo ajuavyo, ni mke wa Wankyo.

Tuendelee.

Mkono ulitoka na hati. Boke alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akaikabidhi hati kwa ofisa. Ofisa huyo aliitwa Silasi, kijana mrefu mwenye kaptura iliyopigwa pasi, aliyehamishiwa kituo cha Sota mwezi mmoja tu uliopita kutoka Lindi. Ziwa lenyewe lilikuwa bado linamtapisha.

"Kadi ya usajili," alisema Silasi. "Ile yenyewe, si nakala."

Boke akatoa.

"Karatasi ya forodha. Ya kutoa boti na kuirudisha."

Boke akatoa. Silasi akainama nyuma ya boti akalinganisha namba ya injini na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, kidole kikitembea juu ya chuma cha moto. Zililingana.

"Maboya ya kuvaa?"

"Mawili," Boke alisema. "Na mtoto ana mpira wa gari."

Silasi alimtazama mtoto. Mniko, mwaka mmoja na nusu, alikuwa amelala mgongoni kwa Wankyo, na mpira wa ndani wa gari dogo ulikuwa umefungwa kwa kamba kando yao, umejazwa upepo mpaka unang'aa. Ofisa hakuandika chochote kuhusu mpira.

"Bima nyingi zinaishia kwenye maji yetu," alisema. "Mkimvunjia Mkenya mtumbwi wake kule, nani atalipa?"

"Kuna kipande kimebandikwa nyuma. Siku thelathini, maji ya Kenya."

Silasi akageuza. Kilikuwepo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Boke akaanza kulifunga bati. Kumbe alishangilia mapema.

"Inasema hapa boti itaendeshwa na mwenye bima, Bwana Wankyo Wanzagi, au na mke wake." Silasi aliinua macho. "Bwana Wankyo yuko wapi?"

"Ni mimi," alisema Wankyo.

Hakuna aliyecheka. Silasi alimtazama yule mama wa miaka hamsini na nane, khanga mbili, kilemba, mtoto mgongoni, halafu akaitazama tena karatasi.

"Nimeuliza mume."

"Ndiyo mimi mume. Huyu hapa ni mke wangu. Nimetoa ng'ombe kumi na mbili mpaka Kibara kwa baba yake. Ng'ombe zangu zilipita Bunda mchana kweupe, siku ya mnada wa pamba, watu wote wakaziona. Kaulize."

"Mama, usinitanie. Niko kazini."

"Nani anakutania? Lete hiyo karatasi nisome." Wankyo aliipokea hati, akaishika juu chini, akaikazia macho kwa muda wa kutosha mtu kusoma ukurasa mzima. Kisha akairudisha. "Nimesoma. Iko sawa."

Boke alitazama pembeni. Miaka minne sasa alikuwa akimwona Wankyo anasoma hivyo: barua, stakabadhi za pamba, hata kitabu cha misa. Hakuna mtu Butiama aliyethubutu kumgeuzia karatasi.

Silasi alishika ubao wa pembeni akaingia ndani ya boti yao, akafunua turubai lililokuwa mbele. Chini yake kulikuwa na gunia, na kutoka kwenye gunia damu ilikuwa imechuruzika ikachanganyika na maji ya sakafuni.

Mkono wake ukaenda kwenye filimbi.

"Mbuzi," Boke alisema haraka, na sauti yake mwenyewe ikamtisha kwa jinsi ilivyokuwa nyembamba. "Mbuzi wa Krismasi. Tulimchinja alfajiri."

"Fungua."

Boke alivuta kamba mara ya kwanza ikakaza zaidi, akavuta mara ya pili, na wakati wote huo alijua Silasi anawaza nini. Boti ya Bwana Wankyo. Wanawake wawili. Bwana Wankyo hayupo, na damu ipo. Gunia lilipofunguka kikatokea kichwa cha mbuzi, macho wazi, na Silasi akavuta pumzi ndefu. Lakini hakurudi kwenye boti yake.

"Jana tuliletewa habari kituoni," alisema polepole. "Kwamba boti hii itapita hapa leo, kwamba ni ya wizi, na kwamba mwenyewe hayumo. Tangu litoke Azimio la Arusha watu wanahamisha mali kwenda ng'ambo, tunajua. Mimi sikuamini habari ile. Sasa naona karatasi inasema bwana, na bwana simwoni."

"Nani ameleta hiyo habari?" Wankyo aliuliza.

"Mtu mzima. Ana koti la kijani la vita vya zamani. Halivui hata kwa jua hili."

Boke alimjua papo hapo. Msomaji, na wewe umeshamjua. Koti lile lilikuwa moja tu Butiama nzima, na aliyelivaa ni Ryoba, mdogo wa marehemu Wanzagi, mume aliyemwacha Wankyo mjane bila mtoto.

Hapo ndipo penye jambo lote. Wankyo alipofiwa, Ryoba alikuja na kamba za kuswagia ng'ombe kabla matanga hayajaanuliwa. Nyumba haina mtoto, alisema, kwa hiyo nyumba ni yangu. Wankyo akafanya walivyofanya wakubwa zake wote waliokosa mtoto: akaoa. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa kwao. Mwanamke anatoa ng'ombe, anamwoa binti, na watoto atakaozaa yule binti na mwanamume wa kando ni wa nyumba yake, wanarithi boma na mifugo kama kawaida. Boke akaja, Mniko akazaliwa, Ryoba akarudi na kamba zake tupu. Sasa amefungua kesi Mahakama ya Mwanzo. Itasikilizwa tarehe kumi Januari. Anadai Boke si mke, ni kijakazi wa kuajiriwa tu, na mtoto wake hana haki hata ya ndama. Lakini kwa maneno matupu hakimu hawezi kumsikiliza. Anachokosa Ryoba ni ushahidi.

"Sikilizeni," alisema Silasi, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Mimi sijui mila zenu. Najua hii hati ina kosa. Kwa hati hii hamvuki, na hata mkivuka, bima haitawalipa hata msumari. Rudini Musoma kwa aliyeiandika, airekebishe leo. Karatasi ya forodha nabaki nayo. Jua likizama hamjarudi na hati safi, naandika kwamba boti ni ya wizi, na ninyi wawili mtalala rumande."

"Mimi niende rumande kwa boti yangu?" Wankyo aliuliza.

"Mama," alinong'ona Boke, "kaa. Tunarudi."

Akavuta kamba ya injini. Iliwaka mara ya nne.

Safari ya kurudi Musoma ilikuwa ya saa tatu, na Boke hakukumbuka hata ufuko mmoja. Alikumbuka ile siku ya kukata bima. Karani alimuuliza, "Mwenye boti ni nani?" Akasema Wankyo. "Ni nani wako?" Akasema mume wangu. Karani akaandika Bwana, akagonga muhuri, akamtakia safari njema. Hakudanganya hata neno moja. Butiama kila mtu angeelewa, ndiyo maana haikumpitia akilini kwamba duniani yupo mtu ambaye hataelewa. Sasa kosa hilo dogo lilikuwa limekaa ndani ya bati la biskuti, na Boke aliogopa hata kuligusa lile bati.

"Umenyamaza," Wankyo alisema.

"Naogopa, mama."

"Unaogopa Ryoba? Huyo nilikuwaga namlisha uji." Wankyo alichovya mkono ziwani akamfuta Mniko jasho la shingoni. "Tutarekebisha hiyo kitu, halafu tunaenda likizo. Eufrasia amenunua mchele."

Ofisi ya bima ilikuwa juu ya duka la vitambaa, ngazi za mbao ishirini na mbili. Walifika saa tisa kasorobo, khanga zimelowa mpaka magotini. Wankyo alitangulia na mtoto wake mgongoni. Boke alifuata na bati.

Kwenye benchi la wageni, miguu ameinyoosha, koti la kijani limefungwa vifungo vyote, alikuwa ameketi Ryoba.

"Shikamoo, shemeji," alimwambia Wankyo kwa heshima zote. Kisha akamgeukia Boke. "Hujambo, binti."

Miaka minne hakuwahi kumwita jina jingine. Boke aliitikia kwa sababu mdomo ulizoea kuitikia. Amejuaje watarudishwa? Amejua kwa sababu ndiye aliyewarudisha.

Karani Felisian alitoka nyuma ya meza yake mbio. Alikuwa kijana wa Bukoba, mwaka wa kwanza kazini, na shati lake jeupe lilikuwa limeloa kwapani. Unaweza kudhani yeye ndiye aliyesimamishwa ziwani.

"Ndugu zangu, mmeniua," alisema. "Nimeandika Bwana. Nimegonga muhuri wa kampuni kwenye jina la Bwana. Makao makuu wakiiona hati ile, mimi kesho nauza ndizi."

"Andika Bibi," Boke alisema. "Mwenye boti ni Bibi Wankyo, dereva ni mke wake. Basi."

"Una cheti cha ndoa?"

Boke alimtazama Wankyo.

"Kampuni inamtambua mke mwenye cheti. Cha bomani, cha kanisani, cha sheikh, chochote. Unacho?"

"Nilitoa ng'ombe," Wankyo alisema. "Ng'ombe inatoaga cheti?"

Ryoba alicheka kidogo benchini, kicheko cha mtu mwema, akafunika mdomo.

"Ndiyo maana nimetafuta njia," alisema Felisian, na sasa alikuwa karibu kuwasihi. "Huyu mzee aliiona nakala yenu hapa juzi, na asubuhi hii akaja kunieleza kosa langu. Namshukuru, bila yeye nisingejua. Nimeandaa karatasi mbili. Mkishaweka sahihi, natoa hati mpya sasa hivi, mnarudi Sota jua halijazama, boti inavuka, hakuna wa kulala rumande na hakuna wa kufukuzwa kazi. Moja ya dereva, moja ya mwenye boti. Kila moja nakala tatu: ya ofisi, ya mhusika, na ya shahidi."

"Shahidi nani?" Boke aliuliza.

"Mimi nimejitolea," alisema Ryoba. "Si tuko ndugu?"

Felisian akampa Boke karatasi yake na kalamu. Wankyo akapewa yake na kidau cha wino mweusi, kwenye meza ndogo karibu na dirisha.

Boke alikuwa amefika darasa la nne misheni ya Kibara, na alisoma kwa kufuata kidole. Namba ya boti. Namba ya injini. Maji ya Tanzania na Kenya, siku thelathini. Yote sawa. Kidole kikashuka. *Mimi Boke natamka kwamba mimi si mke wa mwenye boti. Mimi ni mwajiriwa wake, kwa kazi za nyumbani na kuendesha boti.*

Alirudia. Herufi zilikuwa zilezile.

Mwajiriwa. Kazi za nyumbani. Neno kwa neno, ndivyo Ryoba alivyoandika kwenye madai yake mahakamani. Karatasi hii ingeingia kwenye mfuko wa koti la kijani, na tarehe kumi Januari ingetolewa na kuwekwa mezani, ina muhuri, ina sahihi ya Boke mwenyewe. Mniko angekuwa mtoto wa kijakazi.

"Haya maneno umeyaandika wewe?" Boke alimuuliza Felisian.

"Mzee amenisaidia. Mimi mila yenu siijui, nikaona yeye wa kwenu atajua namna ya kuieleza."

Boke alishika kalamu. Msimlaumu, wasomaji. Jua lilikuwa linashuka, Silasi alikuwa anasubiri na karatasi ya forodha, na maisha yake yote Boke alikuwa mtu wa kufanya alichoambiwa: na baba yake, na padri, na Wankyo. Ncha ya kalamu iligusa karatasi ikaacha nukta ya wino.

Kisha akaiweka chini.

"Sisaini."

"Ndugu Boke..."

"Mimi ni mke wa hii nyumba. Andika hivyo, ama boti ikamatwe, na mimi nilale huko rumande." Maneno yalikuwa yametoka na hayakuwa na njia ya kurudi ndani. "Boti ni mbao tu. Niko mke. Siwezi kusaini siko."

Felisian alishika kichwa. Boke alimgeukia Ryoba, akitegemea kuona hasira, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi woga ulikuwa umempungua. Alikuwa amemshinda. Mbele ya karani, peke yake, alikuwa amemnyima ile karatasi.

Ryoba hakuwa benchini. Na hakuwa na hasira.

Alikuwa amesimama dirishani nyuma ya Wankyo, ameinama kwa adabu, na mkono wake ulikuwa unaigeuza karatasi iliyokuwa juu chini.

"Iko hivi, shemeji," alimwambia taratibu.

"Najua iko hivi," alisema Wankyo. "Nilikuwa nasoma huku nyuma."

"Ndiyo, shemeji. Umeshamaliza?"

"Nimesoma yote."

"Mama," Boke alisema. Alisukuma kiti, kikaanguka, akavuka chumba kwa hatua nne.

Dole gumba la Wankyo lilikuwa jeusi. Alama tatu zilikuwa kwenye nakala tatu, moja moja, duara na mistari yake, wino bado mbichi. Ryoba alikuwa anapuliza nakala ya juu ili ikauke. Aliikunja mara mbili, akafungua kifungo kimoja cha koti, akaiingiza, akafunga kifungo.

Boke alinyakua moja ya nakala mbili zilizobaki. Hakuhitaji kidole kusoma safari hii.

*Mimi Wankyo, mjane wa Wanzagi, natamka mbele ya shahidi kwamba sijaoa mke. Nyumba yangu haina mtoto, wala sina mrithi. Mtoto ninayesafiri naye ni wa mtumishi wangu.*

Nje, viatu vilikuwa vinashuka ngazi za mbao bila haraka. Boke alizihesabu ngazi zote ishirini na mbili.

Mniko aliamka. Alinyoosha mkono kupita bega la Wankyo, akakishika kile kidole cheusi, akakichezea, na wino ukamwingia kwenye viganja.

"Si nilikwambia tutarekebisha hiyo kitu," alisema Wankyo, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa nyumba yake. "Wewe unaogopaga karatasi bure. Beba bati, mke wangu, jua halitungoji. Twende likizo."